Sahani Iliyofunikwa na Daftari la Kijani

Kwa miaka mitatu nilikuwa na daftari lenye jalada la kijani ambalo nililificha chini ya godoro langu, nyumbani kwetu Mbagala. Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na mkono uliozoea kuandika mapato na matumizi ni vigumu kuutuliza. Basi kila kitu ambacho mdogo wangu wa kiume alikitoa nyumbani na kwenda kukiuza nilikiandika humo, tarehe upande wa kushoto, jina la kitu katikati, na thamani yake upande wa kulia. Pasi ya umeme, Sh 35,000. Mtungi mdogo wa gesi pamoja na jiko lake, Sh 60,000. Feni ya mezani. Simu yangu, ambayo kazini nilidanganya kwamba niliibiwa kwenye daladala. Vitenge viwili vya mama, ambavyo hata mkasi ulikuwa haujavigusa.

Mdogo wangu alikuwa akitumia unga. Kwa mgeni neno hilo ni la ugali, lakini mjini lina maana ya pili, nayo ni heroini, na mtu aliyenaswa nayo majirani humwita teja, hata kama ni hao hao waliombeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Mama hakuwa na daftari. Mama alikuwa na sahani. Kila usiku, chakula kilipopakuliwa, alitenga sahani moja, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Mdogo wangu angeweza kutoonekana kwa siku kumi, na kwa siku hizo kumi sahani ikawekwa. Asubuhi mmoja wetu alikila kile kiporo kwa chai, na jioni mama akatenga nyingine kana kwamba jana haikuwepo. Jambo hili liliniudhi kuliko wizi wenyewe. Siku moja nilimkalisha mama nikampigia hesabu: wali, maharage, samaki siku za Jumapili, mafuta, mkaa, mara siku thelathini. Mama aliendelea kuchambua mchele. "Ulipokuwa ukisoma masomo ya jioni na kurudi saa nne usiku," aliniuliza bila kuinua uso, "ni nani alikuhesabia bei ya chakula?" Sikumjibu, lakini usiku huo niliiandika na gharama ya sahani katika daftari.

Nimehudhuria harusi nyingi za Kikristo katika jiji hili, na sikumbuki hata moja ambayo sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho haikusomwa, haikuimbwa na kwaya, au angalau haikuchapwa kwenye kadi ya mchango. "Upendo huvumilia, hufadhili." Yamekuwa maneno ya maua na keki. Paulo, hata hivyo, hakuwa akiwaandikia bwana na bibi harusi. Aliyaandika akiwa Efeso, yapata mwaka 55, kwa usharika uliokuwa ukigombana: walishtakiana mahakamani wao kwa wao, walijigawa makundi kwa majina ya viongozi, na katika chakula cha Bwana wenye nafasi walitangulia kula, hata huyu akawa na njaa na huyu amelewa. Sura mbili tu kabla ya maneno yale ya harusini kuna agizo ambalo nililipita mara nyingi bila kuliona: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Kabla uvumilivu haujawa fadhila ya kuhubiriwa mimbarani, ulikuwa jambo la chakula: nani amekula, nani bado, na nani amefika akakuta sufuria limekwisha kukwanguliwa. Siku niliposoma mstari huo kwa makini, niliinua macho nikatazama juu ya kabati la vyombo.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa hapo kuwa kuvumilia linatokana na mambo mawili, urefu na hasira. Mvumilivu ni mtu ambaye hasira yake ina safari ndefu kabla ya kufika. Nyuma yake kuna usemi wa Kiebrania ambao Mungu anajitambulisha nao mbele ya Musa katika Kutoka 34:6, na ambao Biblia yetu inausema kwa maneno "si mwepesi wa hasira". Neno kwa neno Waebrania husema "mrefu wa pua", kwa kuwa hasira waliiona puani, katika pumzi inayopanda na kuchoma. Sura ile ile ya Paulo inafika mbali zaidi na kusema kwamba upendo "hustahimili yote", na hapo Kiswahili chenyewe kinanifundisha kitu, kwa sababu kustahimili kumetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa kuhimili na hamali. Mbele ya duka letu wako mahamali wanaobeba mifuko ya saruji tangu asubuhi mpaka jioni. Sijapata kumwona mmoja wao akisimama na mfuko mabegani akisubiri upungue uzito. Hutembea nao, na akitaka kupumzika huutua mahali ambapo mwenziwe anaweza kumtwisha tena.

Picha hiyo ilinisumbua kwa sababu uvumilivu niliolelewa nao ni wa namna nyingine. Mvumilivu hula mbivu. Subira huvuta heri. Sina ugomvi na wahenga, na methali hizo zimenifikisha mahali pazuri katika masomo na kazi, lakini zinamfundisha mtu kungojea embe lake mwenyewe. Kwa lugha ya ofisini kwangu ni uwekezaji: unatoa muda leo ili upokee tunda kesho. Kikomo cha uvumilivu huo kimo ndani yake, kwa kuwa embe lisipoiva mngojaji amepata hasara, naye atajiona ana haki ya kukasirika. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ugonjwa wa mdogo wangu. Nilimpa miezi sita, moyoni, bila kumwambia, nikawa naihesabu siku kwa siku kama anayefuatilia deni la mteja.

Yesu ana mfano wa mti ambao haukuiva, nao uko katika Luka 13. Mwenye shamba amefika miaka mitatu akitafuta tunda katika mtini wake, hajapata, anaamuru ukatwe. Mtunza shamba anamjibu: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Ombi lile silo la mtu anayetaka muda wa kukaa kivulini na kutazama. Anaomba muda wa kutoka jasho, tena kwa kazi inayonuka. Kisha mfano unakoma. Ukizaa, vema; usipozaa, ukatwe; na hatuambiwi kama ulizaa. Nimewasikia wahubiri wengi wakiumalizia mti huo matunda ambayo Luka hakuyaandika, na ninawaelewa, kwa sababu ni vigumu kuwarudisha watu nyumbani Jumapili bila tunda. Lakini nadhani Yesu aliuacha mfano wazi kwa kusudi. Mtunza shamba alichukua jembe bila kuonyeshwa ukurasa wa mwisho.

Samadi ya kwetu ilikuwa kliniki. Tiba ya methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, kisha ikasambaa katika hospitali nyingine za jiji, na tulipopata habari zake tulikuwa tumekwisha kujaribu maombi ya kufunga, kumpeleka kijijini kwa mjomba, na kumfungia ndani. Mtu anayeacha unga ghafla hupatwa na arosto: viungo vyote humuuma, hutapika, huharisha, jasho humtoka huku akitetemeka kwa baridi, na usingizi humkimbia. Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo zilizoizoea heroini, lakini hufanya hivyo polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba kipimo kimoja humtuliza mgonjwa kwa takriban saa 24. Ndiyo maana huinywa kila siku, mbele ya mhudumu, na ndiyo maana tiba yenyewe huenda kwa miaka, wala si kwa majuma.

Kila siku. Nilikuwa nimezoea upendo wa matukio: kuchangia matibabu, kukesha msibani, kusafiri usiku kwenda kumwona mgonjwa. Matukio humpa mtu nguvu kwa sababu yana mwisho na yana mashahidi. Huu ulikuwa upendo wa foleni. Tulitoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, tukasimama kwenye daladala ya Barabara ya Kilwa tukiwa tumebanwa, tukashuka, tukatembea, akapanga mstari, akanywa dawa katika kikombe kidogo cha plastiki, akaonyesha kwamba amemeza, nami nikaondoka mbio kuelekea Kariakoo ambako bosi alikuwa amekwisha kuangalia saa yake mara mbili. Kesho yake tena. Hapakuwa na la kutolea ushuhuda. Ukisimama kanisani na kusema, "Bwana asifiwe, jana tulipanda daladala," watu watasubiri uendelee.

Mwezi wa tano alirudia. Alipotea siku nne na fedha za ada ya mtoto wa marehemu dada yetu, akarudi usiku bila viatu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sauti ambayo jirani wa ukuta wa pili aliisikia, na kwa muda nilijisikia vizuri sana. Baadaye nilipata faraja ya ajabu kwa Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, ambaye mwanzoni mwa karne ya tatu aliandika kitabu kizima kuhusu uvumilivu na kukifungua kwa kukiri kwamba anasifu kitu asichonacho, kama wagonjwa wanavyopenda kuzungumzia afya. Nami naandika makala haya kwa kibali hicho hicho.

Usiku ule sahani ilikuwepo. Mama aliishusha, akakipasha chakula moto, akamwekea mbele. "Kula kwanza," alisema. "Kesho mtarudi kule." Hakusema "utarudi". Alisema "mtarudi", nami nilijua kwamba nimo katika kitenzi hicho, nitake nisitake. Kesho yake tulirudi. Kwa kuwa alikuwa amekosa siku kadhaa mfululizo, walimpima upya kabla ya kumrudishia dawa, na wala hawakumkemea. Yule muuguzi aliyeandika jina lake upya alifanya hivyo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kurudia ni sehemu ya ugonjwa, na nilimwonea wivu.

Katika jumuiya yetu, Jumamosi iliyofuata, mzee mmoja ambaye ninamheshimu alituambia tumwachie Mungu. Nadhani alimaanisha kutupunguzia mzigo. Lakini msemo huu wa kumwachia Mungu, jinsi tunavyoutumia, mara nyingi ni njia ya adabu ya kusema tumechoka, na pengine ingekuwa heri tuseme tu kwamba tumechoka. Nilimkumbuka Monika, mama yake Agostino, yule mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, mwanamke wa Afrika Kaskazini wa karne ya nne ambaye Wakristo humtaja kama kielelezo cha mama mvumilivu. Watu hupenda kusimulia machozi yake. Mimi napenda kuikumbuka nauli yake ya meli. Mwanawe alipoondoka, alivuka bahari kumfuata, akamkuta Milano. Kabla ya hapo alikuwa amewahi kumkatalia hata kula naye meza moja kwa ajili ya mafundisho aliyoyafuata, kisha akamrudisha mezani, na alimng'ang'ania askofu mmoja azungumze na kijana huyo mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwa maana haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Agostino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka huo huo huko Ostia, akiwa safarini kurudi nyumbani. Aliliona tunda kwa miezi michache tu, baada ya miaka mingi ya kupalilia.

Ni lazima niseme jambo moja, ingawa linanitoa kidogo nyumbani kwetu, kwa sababu najua baadhi ya wanawake watakaosoma hapa wanaambiwa neno "vumilia" kwa maana nyingine kabisa. Nimekaa katika sherehe za kumfunda bibi harusi ambako akina mama wenye Biblia mkononi walimwambia binti kwamba akipigwa avumilie, kwa kuwa ndoa ndivyo zilivyo. Paulo katika sura ile ile anasema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli", na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Anayemnyamazia mpigaji hampi muda wa kutubu. Anampa muda wa kupiga. Hata mama yangu, ambaye hakuacha kuweka sahani, aliweka pia kufuli katika mlango wa chumba chake, na fedha zake alizifunga kwenye pindo la kanga aliyolala nayo. Sahani na kufuli vilikaa katika nyumba moja bila kugombana.

Daftari ndilo lililobaki kugombana nami. Katika orodha ya Paulo kuna maneno mawili ambayo mhasibu hawezi kuyaepuka: "hauhesabu mabaya". Kitenzi cha Kigiriki hapo ni cha kazi yangu hasa, cha kuingiza kitu katika hesabu za mtu. Kwa Kiswahili tumeyaweka karibu zaidi, kwa kuwa kuhesabu na mhasibu ni watoto wa mzizi mmoja. Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba daftari langu halikuwa la chuki, kwamba lilikuwa kumbukumbu tu, kwamba siku akipona atataka kujua. Mdogo wangu mwenyewe alinipa sababu ya kulitunza, kwa sababu kila aliponikuta nimekasirika alisema, "Dada, nivumilie, nitakulipa vyote."

Ndiyo maneno ya yule mtumwa katika Mathayo 18. Alidaiwa talanta 10,000, akaanguka miguuni pa bwana wake: "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Nilikaa na kikokotoo, kama ilivyo kawaida yangu. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Deni lote ni siku za kazi milioni 60, na mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka atalimaliza baada ya miaka 200,000. Ahadi yake ilikuwa ya uongo, na bwana wake, ambaye bila shaka alijua hesabu, hakumwambia hivyo. Aliyeomba muda alipewa msamaha. Kisha akatoka nje, akamkuta mwenzake ambaye yeye alikuwa akimdai dinari 100, deni la kweli, la miezi kadhaa ya kazi, deni ambalo mimi ningeliandika bila kusita. Naye mwenzake akamwambia maneno yale yale, nivumilie, nami nitakulipa, safari hii yakiwa maneno yanayowezekana. Hakutaka, akamtupa kifungoni. Nilikuwa nimeusoma mfano huu kwa miaka mingi nikimshangaa mtu huyo, na sikuwa nimegundua kwamba yeye ndiye aliyeweka daftari.

Hata hivyo sikulichoma. Ningependa kusema nililichoma, kwa kuwa ndivyo makala kama haya yanavyotakiwa kwenda, lakini niliacha tu kuandika, na lenyewe likabaki chini ya godoro.

Mdogo wangu sasa ana mwaka wa tatu katika dawa. Alfajiri huenda peke yake, kisha huenda Keko kupiga msasa kwa fundi samani, na jioni hurudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Amerudia mara mbili nyingine. Mwezi uliopita, Jumamosi moja ya jua kali, mama alituambia tutoe magodoro tuyaanike, nami nilikuwa uani nikifua wakati mdogo wangu alipoinua la kwangu. Nilipoingia nilimkuta ameketi barazani, daftari limefunguka mapajani, anafuata mistari kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Nilisimama na povu mikononi. Alifika mwisho, akarudi nyuma kurasa mbili, akatafuta kitu.

"Dada," alisema, "hukuiandika redio ya baba."

Redio ya marehemu baba yetu ilipotea mwaka wa kwanza, wakati nyumba ikiezekwa upya. Mimi niliamini kwamba ilichukuliwa na fundi wa bati, na sikuishia kuamini. Nilisema kwa majirani, na fundi yule hakupata kazi nyingine katika mtaa wetu. Mdogo wangu aliomba kalamu. Aliandika tarehe, kwa kuwa aliikumbuka, akaandika "Redio ya baba" katikati, kisha akaniuliza ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Nilimwambia sikumbuki, ingawa bei yake naikumbuka mpaka leo, na mama akatuita kutoka ndani tuingize magodoro, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limekwisha kukusanyika upande wa Kongowe.